Gregor Mendel, mupadri aliyehesabu njegere

Mutoto akizaliwa na ugonjwa ambao baba na mama hawana, ulizo la kwanza katika familia nyingi ni moja: umetoka kwa nani? Mara nyingi kidole kinaelekezwa kwa mama, ao kwa ukoo wake, ao kwa jirani mumoja anayeshukiwa uchawi. Ulizo hilo ni la zamani sana. Mutu aliyefungua njia ya jibu alikuwa mupadri wa Ulaya, na jibu alilitafuta katika njegere, zile tunazoita petipwa na ambazo zinalimwa sana kwenye milima yetu ya Lubero.

Jina lake ni Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka wa 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, inchi ambayo leo ni Cheki. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake aliumia vibaya kazini na feza za masomo zikakosekana. Dada yake mudogo, Theresia, akatoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ndoa yake ili kaka asome. Mendel hakusahau wema huo: miaka mingi nyuma, yeye alisaidia watoto wa huyo dada kusoma.

Mwaka wa 1843 aliingia monasteri ya Waaugustino katika muji wa Brünn, leo Brno. Alipata upadri mwaka wa 1847. Lakini kutembelea wagonjwa na watu wanaokaribia kufa kulimulemea, hata yeye mwenyewe akawa mugonjwa. Wakubwa wake wakamutuma kufundisha. Akaanguka mutihani wa ualimu. Basi wakamupeleka chuo kikuu cha Vienna, kuanzia 1851 mupaka 1853, na huko alisoma fizikia, hesabu na mambo ya mimea.

Wakati ule wenye elimu walikuwa na mabishano ya tangu zamani. Aristotle, kule Ugiriki, alifundisha kwamba mbegu ya baba ndiyo inatoa umbo la mutoto, na mama anatoa tu kitu cha kutengenezea, sawa udongo kwa mufinyanzi. Kiisha, darubini za kuona vitu vidogo zilipopatikana katika miaka ya 1600, wengine walidhani kuna mutu mudogo tayari ndani ya mbegu ya baba, anayengoja tu kukomaa. Wengine wakasema hapana, yuko ndani ya yai la mama. Hata wale waliokubali kwamba wazazi wote wawili wanatoa kitu, wengi wao walidhani vitu hivyo vinachanganyika kabisa, sawa maziwa na chai.

Mendel alitaka kuhesabu. Tangu 1856 mupaka 1863 alilima njegere katika bustani ya monasteri, karibu mimea 28,000. Alifungua ua mbele halijakomaa, akaondoa sehemu zinazotoa chavua, ule unga wa kiume, kiisha akapaka chavua ya mumea mwingine. Kwa njia hiyo alijua sawasawa baba ni nani na mama ni nani.

Alizalisha njegere zenye mbegu laini pamoja na zenye mbegu zilizokunjamana. Wazao wa kwanza wote walikuwa laini. Hakuna aliyekuwa katikati! Alipopanda mbegu hizo na kuacha mimea ijizalishe yenyewe, akavuna mbegu 7,324: laini 5,474, na zilizokunjamana 1,850. Ni karibu tatu kwa moja. Kumbe kile kilichoonekana kimepotea kilikuwa kimejificha tu.

Tena, ikiwa baba ndiye alikuwa na mbegu laini ao mama, hesabu haikubadilika. Mendel akaeleza kwamba kila mumea una sehemu mbili kwa kila tabia, moja ya baba na moja ya mama, na kwamba mumea unapitisha moja tu kwa kila muzao. Katika maua ya aina nyingine alihakikisha pia kwamba punje moja tu ya chavua inatosha kuzalisha mbegu. Moja kwa moja, nusu kwa nusu.

Alisoma kazi yake mbele ya wenye elimu wa Brünn mwaka wa 1865, ikachapwa mwaka wa 1866. Karibu hakuna aliyeelewa uzito wake. Mwaka wa 1868 akawa mukubwa wa monasteri, na miaka yake ya mwisho ikaliwa na mabishano na serikali juu ya kodi. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Miaka 16 ikapita, ndipo mwaka wa 1900 watafuti wakaona tena sheria zake.

Sheria hizo zilifika hata Kongo. Kwenye kituo cha Yangambi, karibu na Kisangani, Beirnaert na Vanderweyen walieleza mwaka wa 1941 jambo la miti ya ngazi, ile inayotupatia mawese. Ngazi yenye ganda nyembamba inatokana na ile ya ganda nene na ile isiyo na ganda. Ukizalisha zile za ganda nyembamba kati yao, robo zinatoka na ganda nene, nusu na ganda nyembamba, robo bila ganda.

Hesabu hiyohiyo ndiyo ya drepanositozi, ugonjwa tunaouita SS. Baba AS na mama AS kwa kawaida wanajisikia wazima. Lakini katika kila mimba, kuna nafasi moja kwa ine mutoto awe SS, mbili kwa ine awe AS, na moja kwa ine awe AA. Kila mimba inaanza hesabu upya: kuzaa mumoja mugonjwa hakukingi anayefuata.

Mutoto hawezi kuwa SS kama baba hakutoa sehemu moja na mama nyingine. Kwa hiyo kumufukuza mama, ao kutafuta muchawi, ni kumuonea mutu bure na kumuchelewesha mutoto asifike kwa muganga. Vijana wanaojitayarisha kuoana wanaweza kupimwa damu mbele ya ndoa, wote wawili, bila mumoja kumuachia mwenzake kazi hiyo.