Penseli ya Christian Dior

Ukoo wa Christian Dior haukuwa na haja ya msanii. Baba yake alikuwa tajiri wa mbolea mjini Granville, katika pwani ya Ufaransa, ambako mtoto huyo alizaliwa tarehe 21 Januari 1905. Kijana alitamani usanifu wa majengo. Wazazi wakamtaka awe balozi, naye akasomea siasa mjini Paris. Hata walipokubali kumpa mtaji wa duka la picha mwaka 1928, walitoa sharti kwamba jina la ukoo lisiandikwe mlangoni. Eti lingetiwa aibu!

Mwaka 1931 mama alifariki na baba akafilisika. Duka nalo halikudumu. Kisha kifua kikuu kikamlaza kijana. Alipopona alikuwa amekaribia miaka 30, hana kazi. Rafiki mmoja, aliyejipatia riziki kwa kuchora mitindo ya mavazi, ndiye aliyemfundisha. Dior akaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza, akichora, akifuta na kurudia. Michoro yake ya kofia ilipata wanunuzi. Ya nguo haikupendwa sana. Badala ya kuiacha, aliishughulikia zaidi, na mwaka 1938 akaajiriwa na mbunifu Robert Piguet. (Walimu wanaowakemea wanafunzi kwa kuchorachora pembeni mwa madaftari watanisamehe.)

Wapo wanaodhani mchoro wa nguo ni pambo la karatasi tu. La hasha! Mchoro wa Dior ulikuwa mistari michache inayoonyesha bega, kiuno na mwanguko wa sketi. Fundi aliufasiri kwanza kwa kitambaa cheupe cha pamba, akikata na kubana kwa pini, kabla hariri haijaguswa na mkasi.

Tarehe 12 Februari 1947 alionyesha mitindo yake ya kwanza katika jumba lake mwenyewe, lenye jina la Dior mlangoni. Viuno vilikuwa vyembamba, sketi ndefu na pana. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu na nguo zingali adimu, hivyo wanawake waliozikasirikia sketi zile zilizomeza mita nyingi za kitambaa walikuwa na hoja. Hata hivyo, mtindo huo ulienea Ulaya na Marekani.

Dior alifariki nchini Italia tarehe 24 Oktoba 1957, akiwa na miaka 52. Nafasi yake ilichukuliwa na Yves Saint Laurent, kijana wa miaka 21, ambaye Dior alimwajiri mwaka 1955 baada ya kuonyeshwa michoro yake.