Stewart White: Mmarekani aliyeingia Serengeti kwa miguu

Haya wadau, leo tuweke pembeni mpira na siasa. Ukifungua kurasa za watalii zinazoeleza historia ya Serengeti, jina la Stewart Edward White halikosi. Sisi wa Mugumu na Tarime tunaolala jirani na hifadhi, wengi hatumjui kabisa. Mimi nimekuwa nikimsoma huyu jamaa, na nina neno naye.

Alizaliwa mwaka 1873 Grand Rapids, Michigan, kule Marekani. Akasoma chuo kikuu, lakini akili yake ilikuwa porini. Akaandika riwaya ya wakata magogo mwaka 1902, ikamtoa. Baada ya hapo akahamia kwenye milima ya Sierra Nevada, California. Hiyo milima si ya mchezo: mawe matupu, mabonde ya kutisha, na kilele cha Whitney kinapita mita 4,400. White alikuwa anaikatiza na farasi, bunduki na chakula kidogo, kisha anarudi kuandika. Kwa shabaha alisifiwa hadi na Rais Theodore Roosevelt.

Afrika alikuja kwanza mwaka 1910, akawinda Kenya. Mwaka 1913 akarudi na mwindaji maarufu R. J. Cuninghame, wakatoka Nairobi kwenda kusini kwa miguu, wapagazi nyuma, mpaka kwenye ardhi iliyokuwa ya Mjerumani. Walitembea nchi kavu iliyoungua moto, mpaka wakaona miti ya kijani kando ya mto Bologonja. Huko ni kwetu kabisa, kaskazini ya Serengeti. Wanyama walikuwa wengi mpaka White akaona amefika peponi.

Mwaka 1915 akatoa kitabu, akakipa jina lenye maana ya nchi iliyogunduliwa upya. Hapo ndipo roho inaniuma kidogo. Mzungu mwingine, Oscar Baumann, alikuwa ameshapita Serengeti mwaka 1892, ndiyo maana akasema "upya". Lakini Waikoma, Wanata na Waisenye walikuwa wakiwinda nyika hizo siku zote, kwa mitego ya mashimo na mishale ya sumu. Kwao hakuna kilichopotea mpaka kigunduliwe!

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1925 White alirudi Tanganyika na wenzake, akiwemo daktari Saxton Pope na Arthur Young. Safari hii walikuja kujaribu simba kwa upinde na mshale, bunduki zikiwa nyuma mambo yakiharibika. Pope upinde alifundishwa na nani? Na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi kule California, ambaye ndugu zake waliuawa na walowezi. Ishi alifariki mwaka 1916. Yaani ujuzi wa mtu aliyenyang'anywa ardhi yake ukasafiri mpaka Serengeti kuwa mchezo wa matajiri, kwenye nchi ambayo wenyeji nao walikuwa na pinde zao.

Wazungu wa miaka ile walipiga simba wengi mno. Waingereza wakaona hali mbaya, wakatenga hifadhi ndogo mwaka 1921, wakaipanua mwaka 1929, na mwaka 1951 ikawa hifadhi ya taifa. Mwindaji aliyemaliza makumi ya simba akabaki kwenye vitabu kama shujaa. Babu wa Robanda mwenye upinde uleule, akitafuta nyama ya nyumbu, akaitwa jangili. Sisemi watu wakaue wanyama leo, msinielewe vibaya. Nasema majina hayakugawiwa sawa.

White mwenyewe simchukii. Alikuwa anatembea kweli, hakukaa kwenye gari kusubiri picha, na alichora ramani ya alikopita. Uzeeni aliacha habari za bunduki, akaandika sana kuhusu mizimu na maisha baada ya kifo, hasa baada ya mkewe Betty kufariki mwaka 1939. Mwenyewe alifia California mwaka 1946, hifadhi ya taifa ikiwa bado haijazaliwa.

Kama kwenu bado kuna upinde wa babu ukutani, tuambie hapo chini aliutumia wapi: Ikorongo, Grumeti au Lamai?