Paul Duvigneaud, mtaalamu aliyeyapa majina maua ya shaba ya Katanga

Maua yanayoota juu ya udongo wa shaba huko Kolwezi na Fungurume yanajulikana na wanasayansi wa nchi nyingi. Mmoja wa waliofanya yajulikane ni Paul Duvigneaud, mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji.

Duvigneaud alizaliwa mwaka 1913, akawa profesa katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels (ULB). Katika miaka ya 1950 alichunguza vilima vya Katanga, ambayo sehemu yake leo ni jimbo la Lualaba. Mwaka 1958 alichapisha utafiti kuhusu mimea na udongo wenye madini. Mwaka 1963, pamoja na Simone Denaeyer-De Smet, alitoa mwingine kuhusu shaba na mimea.

Alieleza kwamba miti ya miombo haistahimili shaba nyingi, ndiyo maana vilima hivyo vina nyasi na maua tu. Watafutaji wa madini waliyatumia maua hayo kama alama ya mahali pa kuchimba. Mmea mmoja aliuita Crotalaria cobalticola, kwa sababu unaota penye kobalti.

Kila kilima cha shaba ni kama kisiwa katikati ya msitu. Aina zaidi ya 30 za mimea haziishi pengine popote duniani ila kwenye udongo huo. Sawa na konokono wa miti katika visiwa vya Pasifiki, makao yao yakiharibiwa hawana pa kukimbilia.

Hayo yametokea Dikuluwe, karibu na Kolwezi. Duvigneaud na mwenzake Dewit walitambua hapo mmea wakauita Acalypha dikuluwensis, kwa jina la mahali penyewe. Baadaye kilima kiligeuka shimo la mgodi. Shirika la IUCN limeuweka mmea huo kwenye orodha ya iliyotoweka kabisa.

Duvigneaud aliendelea na elimu ya mazingira. Mwaka 1974 alitoa kitabu La synthèse écologique, kisha akauchunguza mji wa Brussels wenyewe. Alifariki mwaka 1991.

Huko Fungurume, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Gembloux wamefanya kazi ya kuhifadhi mbegu na kuhamisha mimea kabla ya mashine kufika. Kwa ua la Dikuluwe, msaada huo ulichelewa: limebaki jina, na matawi makavu yaliyohifadhiwa Ubelgiji.