Ukipewa kitabu cha Bibi Salme, tenga usiku mzima

Mtu akikupendekezea kitabu, mara nyingi unamjibu kwamba utakisoma, kisha unarudi kwa simu yako. Sawa, sote ndio hivyo. Lakini kuna kimoja ambacho ukikifungua, simu italia na hutaisikia. Ni kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alizoziandika kwa Kijerumani na kuzichapisha Berlin mwaka wa 1886. Kama hujakutana naye bado, hebu nikujulishe.

Salme alizaliwa 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mamake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto mdogo. Hapa ndipo kitabu kinakunasa. Unaingizwa uani ambako tausi na swala wanazurura, unasikia Kiarabu, Kiswahili, Kituruki na Kihabeshi ndani ya nyumba moja, na unajua nani kamnunia nani. Wazungu wengi waliandika kuhusu majumba hayo wakiwa nje ya mlango. Huyu alizaliwa humo.

Wakati huo wasichana wa ukoo wake walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme hakukubali. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi, akawa ananakili herufi za Kurani kwa siri. Alipotaka mwandiko wake unyooke, alimtafuta mtumwa mmoja aliyesoma, akamfanya mwalimu wake.

Kalamu hiyo ilimponza mapema. Babake alifariki 1856, mamake akafuata 1859 kwa kipindupindu. Mwaka huohuo Barghash alipanga kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Nani angeandika barua za siri? Salme, msichana wa miaka 15. Njama ilizimwa kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid, na kwa kupatana huko akawaudhi waliokuwa upande wa Barghash. Yaani alibaki katikati, hana wa kumwegemea.

Ndipo akampenda jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Akapata mimba. Si lazima uambiwe hatari iliyokuwepo kwa binti wa Sultani kubeba mimba ya Mkristo nje ya ndoa. Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Uingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakuishi muda mrefu. Mei 1867 alibatizwa, akaitwa Emily, akafunga ndoa na kwenda zake Ujerumani.

Hamburg ilikuwa baridi, na si ya hewa pekee. Mwaka wa 1870 mumewe aligongwa na tramu akafa. Salme akaachwa mjane mwenye watoto watatu wadogo, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Pesa zikawa shida, ikabidi afundishe Kiarabu ili wale. Ndipo alipoanza kuwaandikia watoto wake kumbukumbu hizo, wajue mama yao alitoka wapi. Ukijua hivyo, utaelewa kwa nini anaeleza kila kitu, hadi mavazi na chakula.

Alirudi Zanzibar 1885 akiwa na manowari za Ujerumani. Alitaka urithi wake na kupatana na nduguze, huku serikali ya Bismarck ikimtumia kumshinikiza Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani. Barghash alikataa hata kumwona. Akajaribu tena 1888, akaondoka mikono mitupu.

Sasa, kunaswa na kitabu si kukimeza chote. Kuna sura ambayo Salme anautetea utumwa, akidai ule wa kwao ulikuwa wa upole na kwamba Wazungu hawakuuelewa. Usipite haraka hapo. Lile jumba, wale tausi, ule urithi alioufuata, vyote vilisimama juu ya jasho la watu waliotekwa bara na kulimishwa mashamba ya karafuu. Mama mzazi alikuwa ametekwa. Aliyemnyoosha mwandiko alikuwa mtumwa. Mwanamke aliyevunja marufuku ya kalamu hakuona kwamba wengine nao walikuwa kifungoni, tena nyumbani kwao. Utampenda na utamkasirikia katika ukurasa mmoja, na hiyo ni sawa kabisa.

Salme alifariki Jena, Ujerumani, Februari 1924, akiwa na miaka 79. Katika vitu vyake kulikuwa na kifuko cha mchanga wa ufuo wa Zanzibar, akazikwa nacho Hamburg.

Kwa hivyo mtu akikuambia usome kitabu hiki, kisome. Ukimaliza, mpitishie rafiki, kisha bishaneni kuhusu ile sura ya utumwa. Cha binti mfalme tunacho. Cha yule mwalimu wake hatuna.