Al-Khwarizmi hakuwa na x

Ingia kidato cha pili wakati wa mazoezi ya kufundisha, utaisikia tu: namba ikivuka alama ya sawasawa, kutoa kunageuka kujumlisha. Kwa nini? Basi tu, ndo kanuni. Mimi jibu la maana nimelipata kwa Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad, Baytul Hikma, enzi za Khalifa al-Ma'mun, karne ya 9.

Alishughulika pia na nyota na jiografia, na neno algorithimu la watu wa kompyuta limetoka kwenye jina lake. Lakini kinachonivutia ni kitabu chake cha aljebra. Kimeandikwa kwa maneno matupu, hata namba. Kisichojulikana alikiita kitu. Na sehemu kubwa inahusu mirathi: nani apate fungu gani, madeni yalipweje.

Al-jabr kwa Kiarabu ni hata kuunga mfupa uliovunjika. Chukua kitu mara 3, pungufu 4, ni sawa na 11. Upande mmoja una upungufu. Unauziba kwa kuongeza 4, na kwa haki upande wa pili nao unapewa 4. Kitu mara 3 ni 15, kitu ni 5. Hakuna namba iliyovuka popote! Hatua nyingine, al-muqabala, ni ndugu wa mkabala wetu: pande zinatazamana, kilicho sawa kinaondolewa kote.

Alama ya sawasawa ilikuja 1557, Uingereza. X ya Descartes ni ya 1637. Mwaka huu nikipangiwa darasa naanza na mirathi. x itasubiri wiki ya pili.