Edison: Aliyeuza umeme pamoja na kinga yake

Wengi wanamfahamu Thomas Alva Edison kwa taa ya balbu. Wachache wanajua kwamba fyuzi, kifaa kidogo kilichopo kwenye mashine nyingi za umeme, nayo ni sehemu ya kazi zake.

Edison alizaliwa Februari 11, 1847 katika mji wa Milan, jimbo la Ohio nchini Marekani. Alikaa shuleni kwa muda mfupi, na elimu yake kubwa aliipata kwa mama yake. Akiwa na miaka 12 alikuwa akiuza magazeti na pipi ndani ya treni ya Detroit, na baadaye akawa na duka la mboga, siagi na matunda mjini Port Huron.

Mwaka 1876 alifungua maabara Menlo Park, New Jersey, ambako balbu yake ilifanikiwa mwaka 1879.

Hata hivyo, balbu peke yake haikuwa biashara. Edison alitaka kuuza umeme wenyewe, hivyo alihitaji jenereta, nyaya, mita na kinga. Waya ukizidiwa na umeme hupata moto, na nyumba chache zikiungua wateja wangerudi kwenye taa za gesi. Mwaka 1880 alipewa hataza ya kipande cha waya kinachoyeyuka na kukata umeme kabla nyaya za nyumba hazijashika moto. Hiyo ndiyo fyuzi.

Septemba 4, 1882 kituo chake cha Pearl Street mjini New York kiliwasha taa zipatazo 400. Umeme wake ulikuwa wa mkondo mnyoofu wa volti 110, na nyaya alizifukia ardhini ingawa gharama ilikuwa kubwa.

Washindani wake, akiwamo George Westinghouse, walitumia mkondo geu wa volti nyingi, unaofika mbali kwa gharama ndogo. Mjini New York nyaya za aina hiyo zilitundikwa juu ya nguzo, zikachanganyika na za telegrafu.

Oktoba 11, 1889 fundi wa telegrafu, John Feeks, alipanda nguzo mjini humo. Waya alioushika aliuona kuwa wa telegrafu, usio na hatari. Kumbe mbele ya hapo ulikuwa umegusana na waya wa volti nyingi. Alifia juu ya nguzo, mbele ya umati wa watu.

Mwezi uliofuata Edison aliandika makala ya kushambulia mkondo geu. Alikuwa na maslahi ya kibiashara, na hakufanikiwa. Mkondo geu ndio ulioshinda, na ndio unaoendesha mashine zetu kwa volti zaidi ya mara mbili ya zile za Edison.

Kifo cha Feeks kinaonyesha kikomo cha fyuzi. Fyuzi hulinda waya na jengo, si mkono wa fundi. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki kwa moja ya kumi ya ampea, lakini kiasi hicho kinaweza kuua mtu.

Mwaka 1989, miaka 100 baada ya kifo hicho, Marekani ilitoa kanuni ya kufunga mashine kwa kufuli wakati wa matengenezo. Swichi kuu huzimwa na kufungwa, kibao cha onyo huwekwa, na ufunguo hukaa mfukoni mwa anayetengeneza. Kisha nyaya hupimwa kabla ya kuguswa. Mafundi wakiwa wawili, kila mmoja huweka kufuli lake.

Kwa mwenye mashine ya kusaga au pampu ya umwagiliaji, gharama yake ni bei ya kufuli. Mkanda ukikatika huku wateja wamepanga foleni, mmoja huingiza mkono kwenye mashine na mwingine huwasha akidhani kazi imekwisha. Aidha, fyuzi iliyokatika ikibadilishwa kwa msumari au waya mnene, kinga imeondolewa na tatizo limebaki.

Edison alifariki dunia Oktoba 18, 1931 akiwa na miaka 84 na hataza 1,093 za Marekani. Siku tatu baadaye Wamarekani waliombwa kuzima taa kwa dakika moja kumuenzi. Wazo la kuzima mitambo yenyewe ya umeme liliachwa kwa kuwa lingehatarisha maisha, hivyo kila mtu alizima swichi yake mwenyewe.