Humphry Davy, mtu aliyetoa metali ndani ya majivu

Wengi wetu tumepika mboga ngumu kwa magadi, au kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu. Ndani ya magadi na majivu zimo metali mbili ambazo hadi mwaka 1807 hakuna aliyewahi kuziona. Aliyezitoa ni Mwingereza mwenye umri wa miaka 28.

Humphry Davy alizaliwa mwaka 1778 Penzance, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza. Baba yake, mchonga mbao, alifariki mwaka 1794 na kuacha madeni. Kijana akapelekwa kujifunza kazi kwa tabibu, na kemia akajisomea mwenyewe vitabuni. Alipokuwa Bristol alivuta gesi mbalimbali kujua zinavyofanya mwilini, na moja nusura imuue. Mwaka 1801 aliajiriwa na taasisi ya Royal Institution mjini London.

Betri ilikuwa ngeni wakati huo. Volta wa Italia aliitangaza mwaka 1800. Davy alitaka kujua kama umeme ungeweza kuvunja kile kitu kikali kinachotokana na majivu, ambacho moto ulikuwa umeshindwa kukivunja. Alikiyeyusha katika maji, umeme ukavunja maji tu. Akakikausha kabisa, umeme ukakataa kupita. Oktoba 1807 alikiacha kinyonye unyevu kidogo wa hewani, akakiunganisha na betri kubwa. Vikachomoza vitone vinavyong'aa kama zebaki, vingine vikiwaka hapo hapo. Ndugu yake aliyekuwa akimsaidia alisimulia kwamba Davy alirukaruka chumbani kwa furaha. Metali hiyo aliiita potasiamu. Siku chache baadaye alitoa sodiamu kutoka kwenye kostiki, ile ya kutengenezea sabuni.

Zilikuwa metali za ajabu. Hukatwa kwa kisu, huelea majini, na potasiamu ikigusa maji huwaka moto wa rangi ya zambarau. Huwahi mno kuungana na maji na hewa, ndiyo maana haziokotwi ardhini kama dhahabu, na lazima zihifadhiwe ndani ya mafuta.

Kabla mwaka haujaisha Davy aliugua, akakaribia kufa. Alipopona, mwaka 1808, aligeukia chokaa na jamaa zake. Hizi zilimsumbua zaidi, hadi Berzelius wa Sweden alipomjulisha njia ya kutumia zebaki. Hapo akapata kalisiamu, ambayo imo pia katika mifupa na meno yetu, magnesiamu, ambayo majani hayawi ya kijani bila hiyo, pamoja na strontiamu na bariamu.

Kwetu wakulima, Davy ana jambo jingine. Kwa miaka kadhaa aliwafundisha wenye mashamba kuhusu udongo, chokaa na mbolea, na mwaka 1813 akachapisha kitabu kuhusu kemia ya kilimo. Leo potasiamu ni mojawapo ya virutubisho vitatu vikuu vya mbolea, na ndiyo inayofanya majivu yafae kwenye migomba.

Uthubutu wake ulimgharimu. Mwaka 1812 kemikali ilimlipukia na kumuumiza jicho. Mwaka uliofuata Michael Faraday aliajiriwa kuwa msaidizi wake, na tunaona haya kusema kwamba mwaka 1823, Faraday alipopendekezwa kujiunga na Royal Society, Davy alimpinga. Davy alifariki Geneva mwaka 1829, akiwa na miaka 50.